Kupatwa kwa Sehemu ya Mwezi Katika Zama za Babeli



Watu wengi hudhani kuwa mwezi ukipatwa kipande tu si jambo kubwa, na kwamba wa kutazamwa ni ule unaozama wote ukawa mwekundu. Wanajimu wa Babeli hawakuona hivyo. Uso wa mwezi waliugawa sehemu nne, na kila sehemu wakaipa nchi yake. Basi kivuli kikiingia upande fulani, husemwa kuwa mfalme wa nchi ile atakufa. Katika enzi ya Esarhaddon, mfalme wa Ashuri (681 hadi 669 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa), ilipotokea ishara ya namna hiyo, mtu mwingine alivishwa nguo za kifalme, akakalishwa juu ya kiti cha enzi, na siku zake zilipotimia akauawa, ili balaa limpate yeye badala ya mwenye enzi. Roho ya mtu kupotea kwa ajili ya kivuli! Itakumbukwa kwamba jua lilipopatwa Madina mwaka 632, siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), watu waliunganisha mambo hayo mawili, naye Mtume mwenyewe akawakataza: jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake.

Hata hivyo Wababeli wasidhulumiwe haki yao. Hofu ile ile iliwafanya waandike kwa uangalifu saa, upande na kiasi. Aprili 621 kabla ya Nabii Isa, karibu na alfajiri, mwezi ulipatwa robo ya upana wake kwa upande wa kusini. Tena usiku wa 16 Julai 523, mwaka wa 7 wa mfalme Cambyses, ukapatwa nusu kwa upande wa kaskazini. Habari hii ya pili imekutwa pia juu ya kigae cha udongo.

Miaka zaidi ya 600 baadaye, Ptolemy wa Iskandaria, ambaye Waarabu humwita Batlimus, alizichukua habari hizo mbili akazipambanisha. Mara zote mbili mwezi ulikuwa mbali na dunia kwa kadiri moja. Ulipopatwa nusu, ukingo wa kivuli ulipita katikati yake hasa; ulipopatwa robo, kitovu cha mwezi kilikuwa nje ya ukingo ule kwa robo ya upana. Hesabu ya njia ya mwezi ikaonyesha kuwa tofauti ya hali hizo mbili ni dakika 7 na sekunde 50, katika daraja yenye dakika 60. Ukizidisha kwa 4, upana wa mwezi ni dakika 31 na sekunde 20. Na kivuli cha dunia kikapatikana kuwa kipana mara mbili na nusu na zaidi kidogo kuliko mwezi. Mwezi uliozama wote usingemfaa hapa, maana ukingo wa kivuli hauonekani tena.

Kitabu chake, al-Majisti, kilifasiriwa kwa Kiarabu na al-Hajjaj bin Yusuf bin Matar katika zama za Khalifa al-Ma'mun. Kisha al-Battani, aliyefanya kazi Raqqa, akaangalia kupatwa kwa mwezi mwaka 883 na mwaka 901, na upana wa mwezi ulio mbali kabisa akaupata dakika 29 na nusu. Vipimo vya leo vinakubaliana naye zaidi kuliko Batlimus.