RAM Ndogo, Foleni Ndefu: Kudhibiti Swapu kwenye Kompyuta za Mezani za Njombe na Makambako

Mada ya semina ya walimu wa TEHAMA, mafundi wa kompyuta na wenye stesheneri

1. Utangulizi



Makambako ni njiapanda. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inakutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni yake. Mtu wa huku akitaka kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, kutuma maombi ya kazi serikalini au kuchapa ankara ya mzigo wa viazi, parachichi au mbao, huingia stesheneri. Mara nyingi humkuta mhudumu mbele ya kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 2 au 4 na diski ya HDD. Kivinjari, hati na skana vikifunguliwa kwa pamoja, mashine inaganda, taa ya diski inawaka mfululizo na foleni inarefuka.

Tatizo hili limekuwa zito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha huduma kwa Windows 10. Windows 11 inataka RAM isiyopungua GB 4, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Mashine nyingi za mtumba hazina sifa hizo, kwa hiyo wengi wetu tunazihamishia Linux. Uamuzi huo ni mzuri, lakini kuhamia Linux hakuongezi RAM: ikijaa, kazi huhamishiwa kwenye diski, mahali paitwapo swapu, na kuna namba inayoongoza uhamishaji huo.

Hoja yangu ni kwamba thamani ya swapu isinakiliwe kutoka kwa fundi mwingine. Ichaguliwe kwa kupima mashine na kazi yake. Na kwa mashine yenye RAM ndogo, tuanze kwa kuibana kumbukumbu, tusianze kwa kuizuia swapu.

2. Swapu inafanya kazi gani

Kerneli ya Linux huigawa kumbukumbu katika kurasa, kwa kawaida za KB 4 kila moja. Kuna aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni kurasa za mafaili, ambazo nakala yake ipo kwenye diski: programu yenyewe ya kivinjari, maktaba zake na mafaili yaliyosomwa. RAM ikijaa, kerneli huweza kuzitupa na kuzisoma upya zikihitajika. Aina ya pili ni kurasa za kazi, ambazo hazina nakala popote: fomu inayojazwa, picha iliyotoka kwenye skana, tabo zilizo wazi. Hizi hazitupwi. Huhamishiwa kwenye swapu, yaani faili au sehemu ya diski iliyotengwa kwa ajili hiyo.

Tatizo ni mwendo. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100, HDD kwa takriban milisekunde 10. Kama kusoma RAM kungechukua sekunde 1, kusoma HDD kungechukua zaidi ya saa 27. Hapo ndipo kuganda kunapotokea.

Tuwaeleze wateja na wanafunzi jambo moja zaidi: swapu si hifadhi ya kazi. Umeme ukikatika, kilichomo kwenye swapu kinapotea pamoja na kilichomo kwenye RAM. Kinga ni UPS na kuhifadhi kazi mara kwa mara.

3. Namba 60 ina maana gani

Kerneli huongozwa na thamani iitwayo `vm.swappiness`, ambayo kwa kawaida ni 60. Mafundi wengi huamini kwamba swapu huanza RAM ikijaa asilimia 60. Sivyo. Namba hii ni uwiano wa gharama. Tangu toleo la 5.8 la kerneli, mwaka 2020, inaanzia 0 hadi 200. Ikiwa 100, kurasa za kazi na kurasa za mafaili zinahesabiwa kuwa na gharama sawa. Ikiwa 60, uwiano ni 60 kwa 140, na kerneli hupendelea kutupa kurasa za mafaili.

Mwaka 2004, watengenezaji wa kerneli walibishana sana kuhusu namba hii. Andrew Morton, mmoja wa wasimamizi wakuu, alitetea thamani kubwa, hata 100 kwenye kompyuta ya mezani, kwa sababu programu isiyotumika haistahili kukalia RAM. Upande wa pili ulimtetea mtumiaji anayerudi kwenye kiti chake na kukuta kila dirisha linachelewa kufunguka. Con Kolivas, daktari wa dawa za usingizi wa Australia aliyejifunza kuandika kerneli, alitengeneza hata njia ya kuzirudisha kurasa kwenye RAM mapema, mashine ikiwa imetulia.

Kila upande una mahali pake. Mashine ya GB 8 inayonakili video kubwa siku nzima inaweza kunufaika na thamani ya 10 au 20, ili programu zilizo wazi zisisukumwe nje na mafaili yanayopita. Lakini ukiweka 10 kwenye mashine ya GB 2, kerneli inalazimika kutupa kurasa za mafaili, ambazo ndizo programu yenyewe ya kivinjari, kisha kuzisoma tena kutoka HDD ileile. Mashine inaganda vilevile. Na ukiizima swapu kabisa, RAM ikiisha kerneli huua programu kubwa, na mara nyingi hiyo ni kivinjari chenye fomu ya mteja.

4. Kubana kumbukumbu kwanza

Zram, iliyo rasmi katika kerneli tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014, hutengeneza swapu ndani ya RAM yenyewe na kuzibana kurasa. Mara nyingi kurasa hupungua hadi nusu ya ukubwa wake au chini ya hapo. Prosesa inafanya kazi zaidi, lakini diski haiguswi. Fedora imeiweka kama kawaida tangu toleo la 33, mwaka 2020. Kwa kuwa kuhamisha kurasa humu ni nafuu, nyaraka za kerneli zinaruhusu thamani inayozidi 100.

5. Utaratibu ninaopendekeza

1. Andika `free -h` na utazame safu ya `available`, siyo `free`. RAM inayotunza mafaili haijapotea.
2. Wakati wa kazi nyingi, andika `vmstat 5`. Swapu kuwa na kitu ndani yake si tatizo. Tatizo ni safu za `si` na `so` kubaki na namba kubwa mfululizo.
3. Kwa GB 2 hadi 4 kwenye Ubuntu au Mint, sakinisha `zram-tools`. Katika `/etc/default/zramswap` weka `ALGO=lz4` na `PERCENT=50`, kisha anzisha upya huduma ya `zramswap`. Faili la swapu la diski libaki kama akiba.
4. Andika `sudo sysctl vm.swappiness=150`. Pima kwa siku nzima ya kazi, ukibadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja.
5. Baada ya zram, `si` na `so` hupanda bila madhara, kwa hiyo tumia `swapon --show`. Faili la diski likiendelea kujaa, RAM haitoshi kweli.
6. Ukiridhika, andika mstari wa `vm.swappiness=` wenye thamani hiyo katika `/etc/sysctl.d/99-swappiness.conf` ili ibaki baada ya kuwasha upya.

Kwa mashine zilizobaki na Windows, acha mfumo uisimamie `pagefile.sys` wenyewe. Usiizime.

6. Hitimisho

Hakuna thamani moja inayofaa maabara zote za shule na stesheneri zote za mkoa huu. Naomba kila shule na kila stesheneri iwe na daftari la mashine zake: ukubwa wa RAM, aina ya diski, thamani iliyowekwa na matokeo ya kipimo. Na pale kipimo kinapoonyesha kwamba faili la diski linajaa kila siku hata baada ya zram, tuache kubadilisha namba. Tufungue mashine, tuangalie kama inapokea DDR3 au DDR4, na tununue RAM.