Banda la Ng'ombe Kugeuzwa Nyumba: Anza na Jembe

  Najua saa hizi wengine mmekaa uani mnapukuchua mahindi, na wengine ndio kwanza mmemaliza kukama. Basi endeleeni na kazi zenu, lakini nitegeeni sikio. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kitu kilichopo katika miji mingi ya wakulima, nacho ni banda la ng'ombe lililobaki tupu.

Mambo yenyewe mnayajua. Ng'ombe wameuzwa ili kulipa karo, au wamekwisha kwa ukame, au wamehamishiwa zizi jingine. Banda limebaki na kuta zake za matofali ya kuchoma na bati lake juu. Halafu kijana anataka kuoa, au mama mzee anahitaji chumba chake karibu na wajukuu. Mwenye mji analitazama banda, anasema: "Ukuta upo, bati lipo, nijenge upya kwa nini?"

Wazo hilo si baya hata kidogo. Matofali ni fedha, na bati ni fedha. Lakini leo nataka mlishike jambo moja: banda haligeuki nyumba kwa mwiko na chokaa. Linageuka kwa jembe. Kabla hujapaka kitu chochote ukutani, chimba sakafu. Sababu yake nitaieleza kwa yale yaliyonipata mimi mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma. Marehemu baba yangu alijenga banda la ng'ombe wawili wa maziwa, na upande mmoja mama akalaza kuku. Ng'ombe walipouzwa, banda lilikaa tupu miaka minne. Nilipotaka kuoa nikamwambia, "Baba, nipe banda lile." Mzee akaniuliza, "Na ile ardhi ya chini utaifanyaje?" Nikamjibu, "Baba, samadi imekauka, hainuki tena. Nitatandika saruji juu, basi." Mzee alinyamaza. Kijana akishakuwa na haraka ya harusi hasikii.

Nikatandaza saruji nyembamba juu ya samadi iliyokauka. Nikapiga plasta ukutani, nikapaka chokaa nyeupe kabisa. Wageni wa harusi walisifu. Mvua za kwanza ziliponyesha, plasta ilianza kuvimba kuanzia chini. Unga mweupe kama chumvi ukatokeza, na plasta ikaanguka vipande vipande mpaka usawa wa magoti. Sakafu nayo ikapasuka. Nikasema hilo ni jambo dogo, nitaziba.

Halafu mama watoto akaanza homa. Siku chache inapanda, inapoa, tukashukuru. Baada ya kama wiki moja inarudi tena. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Tulipofika hospitali walimpima damu wakakuta homa ya papasi. Mwenzangu alitibiwa akapona, lakini mtoto tulimpoteza. Tuliporudi nyumbani baba hakunilaumu kwa neno lolote. Alichukua jembe, akaanza kuchimba sakafu yeye mwenyewe, nami nikachukua jembe la pili. Ndugu zangu, kazi niliyoifanya siku hizo kwa machozi ndiyo ninayowaomba ninyi muifanye mapema, kabla mtu hajalala humo.

Haya, sasa tuangalie ni kitu gani hasa kilichokuwa katika udongo ule.

Cha kwanza ni chumvi. Mkojo na mavi ya ng'ombe huacha chumvi katika udongo, nayo hupanda ndani ya matofali. Chumvi hiyo hunyonya unyevu. Ukuta ukikauka, chumvi hugeuka chembe ngumu nyuma ya plasta na kuisukuma nje. Ndiyo maana plasta ya saruji haikai juu ya ukuta wa banda, hata fundi awe hodari namna gani.

Cha pili ni papasi. Huyu hakai mwilini mwa mnyama siku nyingi kama kupe wa kawaida. Hujificha mchana katika vumbi na nyufa za sakafu na kuta za udongo, na usiku hutoka, hufyonza damu kwa muda mfupi, kisha hurudi kujificha. Anapenda mahali penye udongo mkavu ambapo watu, kuku au nguruwe hulala. Anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula, kwa hiyo usiseme, "Banda limekaa tupu muda mrefu, wamekufa." Mwaka 1905 daktari wa Kijerumani, Robert Koch, aliwakuta papasi katika vibanda walimolala wapagazi kwenye njia za misafara za nchi hii. Mwaka huohuo, huko Kongo, daktari wa Kiingereza Joseph Dutton alifariki kwa homa hiyo alipokuwa akiichunguza. Siku hizi homa hiyo ina dawa nzuri, lakini kwa mama mjamzito bado ni hatari kubwa, kwani mara nyingi huharibu mimba au humwua mtoto mchanga.

Cha tatu ni vijidudu vya pepopunda, ambavyo hukaa katika samadi na udongo. Mwenye jeraha, na hasa mtoto mchanga ambaye kitovu chake hakijapona, yumo hatarini. Mama apate chanjo yake kliniki, na kitovu kisipakwe mavi ya ng'ombe wala vumbi la aina yoyote.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Lakini kabla ya jembe, jiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: je, kuna mnyama aliyekufa ghafla humo ndani, damu ikamtoka puani au mkunduni? Kama yupo, usichimbe. Huenda ilikuwa kimeta, na mbegu za kimeta hukaa katika udongo miaka mingi sana zikiwa hai. Mwite Bwana Mifugo kwanza, ufuate atakavyosema.

Swali la pili: je, ndani ya banda kulihifadhiwa au kulimwagwa dawa za kuogeshea ng'ombe? Dawa za zamani, kama zile zenye aseniki, hazitoki katika udongo upesi. Udongo wa namna hiyo usiupeleke shambani wala karibu na kisima. Uliza ushauri kabla ya kuugusa.

Swali la tatu: je, jengo lenyewe linafaa? Choma nguzo na mbao kwa ncha ya kisu. Kikizama kama katika muhogo uliopikwa, mchwa wameshakula. Tazama nyufa. Ufa unaotoka chini ya msingi hadi juu, na unaoingiza kidole, ni dalili kwamba msingi umekaa vibaya. Hapo ni heri kubomoa, ukatumia bati na matofali yaliyo mazima mahali pengine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kuna ufa ambao kuuziba ni kutupa saruji.

Ukisharidhika, anza kazi mwanzoni mwa kiangazi ili kuta zipate miezi miwili au mitatu ya kukauka. Chimba kwanza shimo dogo karibu na ukuta uone msingi umekwenda chini kiasi gani. Mabanda mengi yana msingi mfupi, na ukichimba kupita msingi ukuta utakulalia. Kisha chimba sakafu yote, ukianzia katikati. Endelea mpaka ufike udongo safi usionuka mkojo. Mara nyingi ni kama sentimita 30. Kama chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, utatoa karibu toroli 60 za udongo. Vaeni viatu, nyunyizeni maji kidogo ili vumbi lisipande, na watoto wakae mbali. Ukimwona papasi usimpasue kwa vidole. Mwombe Bwana Afya akuelekeze dawa ya kunyunyiza katika nyufa.

Toroli hizo 60, kama majibu ya maswali yale yalikuwa mazuri, si taka. Ni mbolea. Lundika pamoja na majani na mabua, funika, geuza mara kwa mara, na baada ya miezi mitatu ipeleke katika shamba la mahindi au mtama. Usiitie shimoni pamoja na mbegu ikiwa mbichi, maana chumvi yake huunguza. Mwaka ule sisi tulivuna vizuri katika kipande tulichotia mbolea ile, na baba alisema, "Umeona? Ulitaka kulalia chakula cha mahindi."

Sasa kuta. Bandua plasta yote iliyovimba. Sugua unga mweupe kwa brashi kavu, uzoe, uutupe nje. Usioshe kwa maji, kwa sababu maji huirudisha chumvi ndani ya tofali. Tofali lililoliwa mpaka linamomonyoka kwa kidole, litoe uweke jipya, moja moja. Acha ukuta wazi upigwe na upepo, na unga ukitokeza tena, sugua tena. Mwishoni, sehemu ya chini piga plasta ya chokaa na mchanga badala ya saruji. Plasta ya chokaa huuacha ukuta upumue. Ikiharibika baada ya miaka, unaibandua sehemu hiyo tu.

Turudi kwenye sakafu. Jaza shimo kwa mawe na changarawe, tabaka kwa tabaka, ukishindilia kila tabaka. Hakikisha sakafu mpya itakuwa juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 15 au zaidi, ili maji ya mvua yasiingie. Mfereji wa zamani wa mkojo uzibe kabisa, na shimo lake la nje lizolewe na kujazwa udongo. Juu ya changarawe weka mchanga laini, kisha tandika karatasi la nailoni nene, ukilipandisha kidogo ukutani. Hilo ndilo linalozuia unyevu na chumvi kupanda.

Juu yake mwaga zege la unene wa sentimita 7 na nusu. Kipimo ni debe 1 la saruji, debe 3 za mchanga na debe 6 za kokoto. Kwa chumba kile cha mita 4 kwa 3 utahitaji mifuko 4 ya saruji ya kilo 50, na mifuko 2 mingine ya kulainisha juu. Mwagilia maji siku 7 mfululizo, usikubali mtu akuharakishe. Sakafu laini isiyo na nyufa haimpi papasi mahali pa kujificha. Hata hivyo kitanda kisiguse ukuta, na chandarua kiwepo.

Kama tayari banda lilikuwa na sakafu ya saruji, usidanganyike. Mkojo huingia ndani ya saruji pia. Kama imepasuka, ivunje uchimbe. Kama ni nzima na kavu, isugue, iache ikauke, tandika nailoni, kisha mwaga zege jipya juu.

Mwisho ni hewa. Banda huwa na upande mmoja ulio wazi, na mtu akiliziba lote kwa matofali anapata ghala, hapati nyumba. Weka madirisha mawili yanayotazamana ili hewa ipite. Kwa chumba chetu, kila dirisha liwe na upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 60 au zaidi. Jiko lisiwe ndani ya chumba cha kulala. Na kama bado unafuga, zizi jipya liwe mbali na nyumba hiyo, upande ambao upepo hauleti harufu na nzi mlangoni.

Mtaniuliza, gharama yote hiyo ina faida gani? Nawajibu kwamba sehemu kubwa ya kazi ni nguvu zako na muda wako. Kuchimba hakununuliwi dukani. Mimi plasta ya kwanza niliilipia, nikailipia tena ya pili, na kuna jambo jingine nililolipia ambalo halina bei.

Chumba kile kipo mpaka leo. Tulirudi humo baada ya kiangazi kizima, na watoto wetu wanne wamekulia humo. Mzee alipokuja kukitazama kilipokwisha, hakutazama kuta. Aliinama, akaweka kiganja sakafuni, akanusa kiganja chake. Akasema, "Sasa leta mke wako."

Basi, ndugu wakulima, nanyi fanyeni hivyo. Kabla hujamlaza mtu katika banda lako la zamani, inama, chukua udongo wa sakafu, unuse. Ukinuka mkojo, jembe lako unajua liliko.