Mavazi ya Kale Yatwambia Nini?

Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa Garissa mbele ya wazee, waalimu na wanafunzi.



Nimetakiwa niseme juu ya nguo. Huenda wako wanaoona kwamba jambo hili ni dogo. Katika nchi ya ukame, ambako mtu hushinda akiwatafutia mifugo maji, nani ana nafasi ya kufikiri habari za kitambaa kilichochakaa? Lakini nguo ni shahidi. Yatuonyesha aliyeivaa alikuwa nani, alifanya biashara na watu gani, na alitaka watu wamheshimu kwa lipi. Tena ni shahidi anayekufa upesi. Chungu kikivunjika, vigae vyake hukaa ardhini mamia ya miaka. Nguo huliwa na nondo na mchwa, au hukatwa vipande ikafungiwa mizigo, na habari zake zikapotea.

Tuanze na shuka nyeupe. Wazee wengi wa Kisomali na wa Kiborana walikuwa wakijifunga shuka moja kiunoni na kujitanda nyingine mabegani. Mtu aweza kudhani kwamba vazi hilo lilizaliwa huku huku jangwani. Sivyo. Kabla ya pamba kufika kwa wingi, wafugaji wengi, hasa wanawake, walivaa ngozi zilizolainishwa kwa mafuta. Nguo ya pamba ililetwa na biashara.

Biashara hiyo ni ya kale sana. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, alifika Mogadishu mwaka 1331, akaandika kwamba mji ule ulifuma nguo nzuri zilizopelekwa hata Misri. Basi pwani ya Benadir ilikuwa na wafumaji wake wakati ambapo meli za Ulaya zilikuwa hazijaonekana katika bahari hii.

Halafu ikaja nguo ya marekani. Jina lenyewe laeleza asili yake. Mwaka 1833 Sayyid Said, Sultani wa Unguja na Oman, alipatana na Serikali ya Marekani juu ya biashara, na meli za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikaleta kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi. Kitambaa hicho kilienea pwani na bara, hata kikawa kama fedha: watu walihesabu bei kwa mikono na kwa doti. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea Marekani, tangu 1861 hata 1865, pamba ikaadimika, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikapata nafasi. Lakini jina la marekani likabaki katika vinywa vya watu. Ona basi: vita vya mbali vyaweza kubadili nguo iliyo begani mwa mchunga ngamia.

Sasa tuwatazame akina mama. Zamani mwanamke wa Kisomali alivaa guntiino, kitambaa kirefu kisichoshonwa, akakifunga fundo bega moja na kukizungusha kiunoni. Kichwa chake kilieleza hali yake. Msichana alisuka nywele zake. Alipoolewa alifunika kichwa kwa kitambaa kiitwacho shaash. Hivyo mgeni aliyefika kisimani alijua, bila kuuliza, nani ameolewa na nani bado, akajua na jinsi ya kusema nao kwa adabu. Guntiino haikuhitaji sindano wala cherehani. Ilikunjwa, ikapakiwa juu ya ngamia, na usiku wa baridi ikawa shuka ya kumfunika mtoto. Vazi lilifuata maisha ya kuhama.

Watu walipoanza kukaa mijini, mavazi nayo yakageuka. Fundi mwenye cherehani akapata kazi. Likaja dirac, gauni pana na jepesi, pamoja na garbasaar ya kujitanda mabegani. Wanaume wakazoea macawiis, ambayo watu wa pwani wataiona kuwa ndugu ya kikoi. Na katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 jilbabu ikaenea, vita vya Somalia vilipowaleta wakimbizi wengi hata kambi za Dadaab zikafunguliwa tangu 1991, na mafunzo ya dini yalipozidi kuenea.

Hapa ndipo penye ubishi katika nyumba nyingi. Bibi humwambia mjukuu, “Vazi lako si letu.” Mjukuu hujibu kwamba vazi la bibi halikumsitiri vya kutosha. Wengine hukimbilia methali, “Mwacha asili ni mtumwa.” Lakini asili ni ipi? Ni ngozi, ni shuka ya marekani, ama ni guntiino? Kila moja ilikuwa ngeni siku moja, kisha ikawa yetu. Kazi ya jumba la makumbusho si kumhukumu bibi wala mjukuu. Kazi yake ni kuweka ushahidi wa wote wawili, ili wanaobishana wabishane kwa kujua.

Katika hazina ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya zimo picha nyingi alizochora Joy Adamson, aliyepewa kazi hiyo na Serikali ya kikoloni mwaka 1949, awachore watu wa makabila ya Kenya na mavazi yao. Picha hizo ni mali kubwa. Lakini yatupasa kuzisoma kwa akili, maana watu wengi walichorwa wakiwa wamevaa mavazi ya sherehe. Mtu hawezi kujua chakula cha kila siku kwa kutazama sinia ya arusi. Nguo ya kazi, yenye kiraka na vumbi la njiani, yasema mambo ambayo nguo ya sherehe huyaficha.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, mwenye nguo ya kale sandukuni asiitupe wala asiifue kwa dawa kali. Aifunge katika kitambaa safi, aiweke mbali na jua na unyevu. Pili, enyi wanafunzi, waulizeni wazee wangali hai: nguo hii yaitwaje, nani aliivaa, lini, na kwa sababu gani? Andikeni majibu pamoja na jina la mwenyewe, kwa kuwa nguo isiyo na habari ni kitambaa tu. Tatu, wenye kuikusanya mali hiyo waichukue kwa ridhaa, wasiandike “vazi la Kisomali” au “vazi la Kiorma” wakanyamaza, kana kwamba halikuvaliwa na mtu mwenye jina.

Kitabu kikipotea, huenda kiko kingine. Nguo ya mama yako ilikuwa moja tu.