Bunduki nyepesi na mabega ya wazee wetu



Wazee wengi waliorudi kutoka Lugufu, ile kambi iliyofungwa 2009, walikuwa wawindaji mbele ya kukimbia. Sasa wanatuambia: kalibre 12 inatupiga bega, tutafutieni bunduki nyepesi. Lakini wazee, kwa risasi ileile, bunduki nyepesi njo inapiga bega zaidi! Kinachopunguza ni risasi ndogo, kama ya kalibre 20, yenye baruti na chembe chache. Na wale wanaojaza maganda ya zamani nyumbani, baruti kwa kukisia: ikizidi, mtutu unapasuka karibu na uso. Gobore ni vilevile.

Kuna ingine. Sheria ya 1982 inadai kibali cha kuwinda, na Itombwe ni hifadhi tangu 2006. Tena mzee akikutwa na bunduki milimani huku juu ya Kilibula, nani atamuuliza kwanza kama ni muwindaji?

Pesa ya baruti, basi, chama hakitatoa. Tunaomba wafadhili mbuzi, ju hawa wazee wangali wanataka kupeleka nyama nyumbani. Wanaotaka, waandikishe majina kwa katibu.