Mbacha na Msala: Shauri kwa Atakaye Kubadili Kazi

Jioni hii nataka tufikiri pamoja juu ya jambo limnyimalo mtu usingizi hali wenzake nyumbani wamelala: Je, niiache kazi niliyo nayo nikashike nyingine, au nikae papa hapa?

Wazee wetu wana methali isemayo, Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka wa kusalia, nao ni mzuri, lakini huu wapita njia pamoja na mwenyewe. Watu wengi huitumia methali hii kumzuia kila mtu atakaye kuondoka alipo. Walakini isikilizeni vema. Haikusema kwamba mbacha ni bora kuliko msala, wala haikumkataza mtu kupata msala ulio wake. Neno zito ni lile la mwisho: upitao. Basi haitoshi kuuliza kama kazi mpya ni nzuri kuliko ya zamani. Yapasa kuuliza kama itakaa, au yapita tu.

Katika chuo chetu cha ualimu huja vijana kutaka shauri. Mmoja alikuwa amefundisha miaka 6. Shemeji yake ana duka la nguo mjini, naye alimwita wafanye biashara pamoja. Kijana akanisifia duka lile, jinsi lilivyojaa watu. Nikamwuliza, "Uliliona mwezi gani?" Akajibu, "Wakati wa mavuno, watu walipokwisha kuuza pamba." Nikamwambia, "Mwanangu, uliuona msala siku unapopita. Nenda tena wakati wa palizi, ghala za watu zikiwa tupu. Kaa nyuma ya meza siku 7, ulitazame daftari la madeni. Kisha uamue." Sikumwambia aende wala asiende, kwa kuwa ugali wa nyumbani kwake siuli mimi.

Sasa nitawapeni habari za walimu wawili wanaojulikana, maana mfano hufundisha kuliko maonyo.

Albert Luthuli wa Afrika ya Kusini alifundisha miaka 15 katika chuo cha Adams, huko Natal, akiwaandaa vijana kuwa walimu. Mwaka 1933 wazee wa kwao Groutville walimwomba awe chifu wao. Hakukubali mara moja. Alisita miaka 2, kwa sababu aliipenda kazi yake, na mshahara wake ulikuwa wa hakika. Uchifu ungempa kidogo kuliko huo. Alipoanza kazi hiyo mwaka 1936, mapato ya nyumba yalipungua. Mkewe Nokukhanya, ambaye naye alikuwa mwalimu, alilima shamba lao kwa mikono yake ili watoto wale na wasome. Mwaka 1952 serikali ilimwamuru Luthuli achague: ajitoe katika chama cha A.N.C., au auache uchifu. Akakataa kujitoa katika chama, na serikali ikamwondoa katika uchifu. Kwa hiyo alipoteza hata ile kazi aliyoiachia ualimu. Lakini hakurudi nyuma. Mwaka 1961 alipewa huko Oslo Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1960.

Wa pili mnamjua zaidi. Julius Nyerere alikuwa akifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, chama cha TANU kilipoanzishwa mwezi wa Julai 1954, naye akawa rais wake. Mwaka 1955 ikambidi kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akaacha mshahara wa ualimu, akarudi kwao Butiama kwa muda. Lakini tazameni neno moja: hata alipofariki mwaka 1999, watu walikuwa bado wakimwita Mwalimu. Kazi aliiacha; ujuzi wake wa kueleza jambo gumu likaeleweka na mtu wa kawaida, alikwenda nao.

Katika habari hizi najifunza mambo mawili. La kwanza, watu hawa hawakukimbia kazi ya ualimu kwa kuchoka nayo. Waliitwa na jambo ambalo walikwisha kulijua. Mtu akimbiaye hukimbilia popote, na mara nyingi huyakuta huko yale yale aliyoyakimbia. La pili, gharama ya kubadili kazi hailipwi na mwenye kubadili peke yake. Jembe lilikuwa mkononi mwa Nokukhanya. Kwa hiyo asiyezungumza na mkewe, au na mumewe, au na wazazi wamtegemeao, kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, atumia fedha isiyo yake.

Basi, ndugu msikilizaji, ukiona msala mzuri, usiudharau, wala usiuvamie. Utazame wakati wa njaa kama ulivyoutazama wakati wa shibe. Waulize walioshindwa katika kazi hiyo, si wale waliofaulu tu. Uijaribu wakati wa likizo, kama yajaribika. Hesabu nyumba yako itakula nini mwaka mzima, mkahesabu pamoja wote mtakaokula. Ukiisha kufanya hayo, na bado moyo wako ukakuambia uondoke, ondoka mchana, uwaage watu vizuri, maana hujui siku gani utapita tena mlangoni pao.

Na kama hesabu yako ikikuambia ukae, kaa bila ya haya. Mbacha nao hushonwa.