Boma Linaishia Wapi? Mkataba wa Nyumba Kati ya Mwenye Kiwanja na Fundi

Mhadhara wa umma, Kerege, Bagamoyo

 

Nianze na shangazi yangu. Alifundisha shule ya msingi hadi akastaafu, na kiinua mgongo chake akakitia hapa hapa. Siku ya kununua kiwanja ilikuwa ya makaratasi. Muuzaji alikuja na mashahidi wake, shangazi na wake. Majirani wa mipaka yote wakaitwa, muhuri ukagongwa, kila upande ukaondoka na nakala. Siku ya kukabidhi kazi ya nyumba, ambayo ilikuja kula fedha kuliko kiwanja, alisimama na fundi juani, wakapatana bei, akasema: "Fundi, nisimamishie boma." Fundi akajibu: "Mama, ondoa shaka."

Ukuta ulipofika lenta, fundi akakusanya vifaa vyake. "Mama, boma ndilo hili." Shangazi yeye alijua boma ni ukuta uliokamilika, kozi za juu ya lenta zikiwamo, unaosubiri kupauliwa tu. Nimezungumza na wote wawili, na naapa hakuna aliyekuwa mwongo. Karatasi pekee niliyoonyeshwa ni ukurasa wa daftari la hesabu: mifuko ya saruji, nondo za milimita 12, waya wa kufungia, misumari. Haikuwa na tarehe, wala jina, wala neno lolote kuhusu kazi yenyewe. Misimu miwili ya masika ikanyeshea ukuta ule.

Sheria inasemaje? Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata kwa karibu sheria ya India ya mwaka 1872. Kifungu cha 10 kinataka ridhaa ya hiari, watu wenye sifa ya kuingia mkataba, yaani waliotimiza miaka 18 na wenye akili timamu, malipo halali na lengo halali. Karatasi haimo katika masharti hayo. Kwa hiyo anayesema "hatukuandikishana, basi sina haki" anajidhulumu. Kiwanja ni jambo jingine: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 64, inataka mapatano ya kuhamisha haki ya kumiliki ardhi yawe na maandishi. Nyumba inayosimama juu ya ardhi hiyo hiyo inaweza kujengwa kwa mdomo mtupu. Kwa maoni yangu hapo ndipo wastaafu wetu wanapoumia, na Bunge lingefaa kulitazama.

Maana mdomo unakubalika, lakini haupimiki. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Mikataba kinasema makubaliano yasiyojulikana maana yake, na yasiyoweza kufanywa yajulikane, ni batili. Sheria ya India ilitoa mfano wa mtu anayekubali kuuza tani mia za mafuta bila kutaja ni mafuta gani. Neno "boma" la shangazi lilikuwa linaelekea huko. Fundi naye asiogope: kifungu cha 70 kinamlinda aliyefanya kazi halali bila nia ya kuitoa bure, mwenzake akaifaidi.

Andikeni, basi, kazi inaishia wapi, na muandike kwa maneno ya saiti. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu, na bado naona mikataba ya Kiingereza ikiwekwa mbele ya fundi anayeisaini kwa heshima tu. Malipo yafuate hatua: msingi, jamvi, lenta, kupaua, plasta. Nani ananunua nini, nani analinda saruji usiku. Sisi wa pwani tuandike pia mchanga unatoka wapi, kwani wa ufukweni una chumvi, na chumvi huila nondo ndani ya zege taratibu mpaka zege linapasuka, miaka mingi baada ya fundi kulipwa. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Namba ya kibali cha ujenzi iwemo. Na anayejiita mkandarasi aonyeshe usajili wake chini ya sheria ya mwaka 1997. Ijumaa Kuu ya mwaka 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka likaua watu 36. Nyumba zetu za chini ni ndogo, lakini nondo ni zile zile.

Shangazi na fundi walirudi kukaa pamoja, kwa mwenyekiti wa kitongoji, na daftari lile lile. Safari hii waliandika: kozi nne juu ya lenta, tofali za nchi sita, siku kumi na mbili, nusu ya malipo kozi ya pili ikikamilika. Nikadhani tumemaliza. Fundi akaomba kalamu, akaongeza mstari mmoja kwa mkono wake: maji ya kuchanganyia na ya kumwagilia ukuta ataleta mwenye nyumba. Kumbe mara ya kwanza alikuwa akiyanunua yeye, dumu kwa dumu, na hakuwahi kulisema.