Daftari ni Ngao ya Mwuzaji

Ndugu watumishi na walimu wa Bahi,

Mchele wetu sasa huuzwa hata kwa simu, mnunuzi akiwa Dar es Salaam. Wapo wadhanio kwamba biashara isiyo na duka haina kodi. Sivyo. Sheria hutazama mauzo, haitazami mlango wa duka.

Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo aliyeuza kwa shilingi 5,000,000 kwa mwaka bila kumbukumbu alipaswa kulipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu kamili alitozwa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi 4,000,000, yaani shilingi 30,000 tu.

Tofauti hiyo ya shilingi 70,000 ndiyo ujira wa daftari. Basi tuwafundishe jirani zetu kuandika kila wanachouza. Asiyeandika hukadiriwa.